Mashine Haichoki Kusoma

Kavata alikuwa akiimba. Watu wakiniuliza habari za siku ile wanataka nianze na mayowe, na mimi huwaambia mayowe yalikuja baadaye, kwanza kulikuwa na wimbo. Tulikuwa wawili ndani ya tangi, mimi na yeye, tumevaa gambuti na kuinama na brashi, tukisugua ute wa embe uliogandia kwenye kuta za chuma, na sauti yake ilikuwa ikizunguka mle ndani na kuturudia kana kwamba kuna kwaya nzima imejificha. Bomba la chini likakohoa. Mara moja tu, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Kavata akainua uso, mdomo bado uko wazi kwa wimbo, na mvuke ukatoka chini ya miguu yake. Sikusikia uchungu kwanza. Nilisikia harufu ya embe, tamu, ikichemka upya, na tangu siku hiyo embe haijaingia nyumbani kwangu. Kisha mkono wa Nduku, mwenzetu aliyekuwa nje ya tangi, ukanishika ukosi kutoka juu, akanivuta kwa nguvu ambazo sijui mwanamke mwembamba kama yule alizitoa wapi, na mikono yake mwenyewe ikaungua mpaka kwenye viwiko. Akanitupa sakafuni, akarudi kumtafuta Kavata. Mimi nilikuwa upande wa ngazi. Kavata alikuwa upande wa bomba. Hiyo ndiyo tofauti yote kati ya aliye hai na aliyekufa, na anayetaka kuniambia ulikuwa mpango wa Mungu aniambie akiwa mbali.

Nduku tumemzika majuzi, kwao Kasikeu, na kama si mazishi hayo pengine ningeendelea kunyamaza. Nilitoka Kitui mapema, nimejifunga kitambaa shingoni, maana shingo yangu watoto huiogopa. Hema lilikuwa limejaa. Mbele, kwenye vile viti vya kitambaa cheupe vinavyowekewa wakubwa, nikamwona Kyalo. Zamani tulimwita Injinia. Siku hizi ni mzee wa kanisa, anafundisha vijana kompyuta, amenenepa, na watu wanasimama akipita. Wakampa maiki. Akasema alimjua marehemu tangu ujana wake, kwamba Mama Mueni, ndivyo Nduku alivyoitwa, alibeba mzigo mzito maisha yake yote, na kwamba Mungu wetu hashiki makosa ya mkono wa binadamu, hata mkono ukiteleza na mtu akapoteza uhai. Hema likaitikia amina. Watu wa kwao Kavata, waliokuwa wamekaa nyuma kabisa karibu na masufuria, hawakuitikia. Walitazamana tu, kama watu waliosikia kitu wanachokijua. Mimi nikashika kiti cha mbele yangu kwa mikono miwili. Tulikuwa tunamzika Nduku na kosa limewekwa juu ya jeneza kama shada la maua, na aliyeliweka ndiye mwenye kosa.

Kwa hiyo nitasimulia mwaka ule, na watu nitawataja. Mambo ya nilizaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa nani hayamsaidii mtu. Nilitoka Mutomo nikiwa msichana wa darasa la sita, sikumaliza, nikaja upande wa Makueni kutafuta kazi, nikaipata Embe Njema, kiwanda cha kusaga maembe kilichokuwa kwenye njia ya vumbi inayotoka barabara ya Mombasa. Leo ni mabati yenye kutu na mbuzi wanalala ndani. Wakati huo kilikuwa kipya na tuliona tumeingia mbinguni. Tulipanga chumba kimoja, mimi, Nduku na Kavata, nyuma ya kinu cha posho. Kinu kikiwashwa ukuta ulitetemeka mpaka vikombe vilitembea mezani, na unga mwembamba ulipita kwenye nyufa ukatua juu ya kila kitu, juu ya blanketi, juu ya nywele, juu ya mtoto. Mtoto alikuwa Mueni wa Nduku, bado ananyonya, na kitanda chake kilikuwa kreti la embe lililotandikwa leso. Jioni tulipika muthokoi, maana mahindi yaliyokobolewa yalikuwa yanapatikana hapo hapo kinuni, tukaweka maharagwe na, kukiwa na bahati, kipande cha mafuta ya ng'ombe. Nduku alikula polepole kama mwalimu. Kavata alikula akiongea, na alikuwa anamwita kila mtu mwiitu wa mwaitu, yaani dada wa tumbo moja, hata mama mwenye nyumba ambaye alikuwa hampendi.

Kiwandani tulikula kwenye kibanda kilichopakana na ofisi ya meneja, na kati yetu na yeye kulikuwa na karatasi moja ya mabati. Meneja alikuwa Ndambuki. Alikuwa mtu wa sauti kubwa aliyedhani mabati ni ukuta. Tulijua akigombana na mkewe kwa simu, tulijua nani atafutwa kabla mwenyewe hajajua, na kwa njia hiyo tulijua kwamba mashine ya kupikia inakuja na kwamba aliyeiandikia programu ni kijana aliyesomea Nairobi, mtoto wa hapa hapa. Kyalo akaja na viatu vya ncha na shati jeupe. Akafunga kando ya tangi kisanduku chenye skrini ndogo na kibodi. Akatueleza kwamba sasa hakuna kufungua mvuke kwa mkono. Mashine itapima joto yenyewe, itafungua yenyewe, na ukiiambia tangi linaoshwa itajifunga yenyewe, hata ukitaka kufungua itakataa. Kile kishikio kikubwa cha chuma cha kufungia bomba kwa mkono akamwambia fundi akitoe, kwa sababu watu wasiojua watakigusa na kuvuruga mambo. Akasema programu ameiandika peke yake, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Kavata akauliza A na B zilikosa nini. Sote tukacheka, na Kyalo hakucheka, na tangu hapo akawa hatutazami sisi wa brashi.

Nduku ndiye aliyefundishwa kibodi, kwa sababu alikuwa amefika kidato cha pili. Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kila mzigo wa maembe ulipikwa peke yake, na kabla ya kupika uliandika jina la mkulima, ili rojo ikiwa mbaya ijulikane ilitoka kwa nani. Siku hiyo ya kufundishwa nilikuwa nimesimama hapo na ndoo ya sabuni. Nduku akaandika jina moja la kujaribu, likakubali. Akaandika lingine. Kisha akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Na jina likiwa refu je, Injinia?"

Kyalo akatabasamu, si kwake, kwa Ndambuki aliyekuwa mlangoni. "Mama Mueni, wewe andika tu. Mashine haichoki kusoma."

Ndambuki akacheka sana. Na mchana, tukiwa kwenye muthokoi wetu baridi, tukamsikia upande wa pili wa mabati akimwuliza Kyalo kama amejaribu kila kitu, maana wenye kampuni wanataka kazi ianze kabla msimu haujapita. Kyalo akasema ameijaribu siku mbili mfululizo na jina lake mwenyewe na inaenda sawa kabisa. Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Kyalo. Hesabu mwenyewe ni herufi ngapi. Mtu amezaliwa Ukambani, anajua jinsi tunavyoitana, na amejaribu mashine ya Ukambani kwa jina ambalo hata kifaranga angelimeza.

Maana kwetu, ukisema Musyoka hujasema kitu. Simama sokoni Kasikeu uite Musyoka uone ni wangapi watageuka. Ukisema Musyoka Kimeu umepunguza, lakini hujamaliza, kwa sababu jina la babu linarudi kwa mjukuu, na la mjukuu kwa mjukuu wake, na kila bonde lina Musyoka Kimeu wake. Mtu anajulikana kwa jina lake, la baba yake, la ukoo wake, na la kilima anachotoka. Ukimkata mzee katikati ya jina umemwambia hana watu. Hili hatufundishwi shuleni, tunalikuta nyumbani. Na msimu wa maembe ulipoiva, wakaja Musyoka Kimeu wawili siku moja. Wa kwanza alileta maembe mazuri. Wa pili alileta yenye funza. Mashine ikaambiwa Musyoka Kimeu na Musyoka Kimeu, na yule mwenye embe safi ndiye aliyerudishiwa makreti na kuitwa mchafu mbele ya watu. Wake zao wakashikana getini, kiondo kikapasuka, na askari wa geti alipojaribu kuwaachanisha akapigwa yeye. Ndambuki akatoka ofisini amekasirika, akasema kuanzia leo jina liandikwe lote, la baba, la ukoo, na mahali, asiachwe mtu hata mmoja. Alikuwa na haki. Hapo simlaumu. Namlaumu kwa kinachofuata.

Wiki ile ile Nduku aliandika jina refu la mzee mmoja wa kule chini, na kwenye skrini, mahali ambapo huwa panaonyesha joto, pakatokea vipande vya jina la ukoo. Alituita tukaja kutazama. Kavata akasema mzee huyo ana homa. Nduku hakucheka; alienda moja kwa moja kwa Ndambuki, na Ndambuki akampigia Kyalo simu, na sote tulisikia kupitia mabati majibu yake yakirudiwa kwa sauti: azime, awashe, na asiguse asichokijua. Akazima, akawasha. Joto likarudi mahali pake. Akaniambia jioni, akimnyonyesha Mueni, kwamba haelewi kitu kimoja. Kama jina limetokea mahali pa joto, basi joto lilikuwa limeenda wapi? Nikamwambia alale.

Siku yenyewe foleni ya wakulima ilikuwa imefika mpaka kwenye njia. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali, maembe yanatoa maji kwenye makreti na nyuki wamekuja. Sheria ilikuwa kwamba tangi likioshwa, kibodi haiguswi. Nduku akaiambia mashine tangi linaoshwa, ikakubali, tukaingia. Ndambuki akaja na kusema tunapoteza wakati, Nduku aandike jina la mzigo unaofuata sasa hivi, tukitoka tu kazi ianze. Nduku akamwambia kuna watu ndani. Akajibiwa kwamba mashine imejifunga, injinia alisema imejifunga, au yeye anajua kuliko injinia? Niliyasikia haya yote kutoka ndani ya tangi, chini ya wimbo wa Kavata. Nikasikia na vidole vya Nduku kwenye kibodi. Aliandika, alivyoniambia baadaye, Musyoka Kimeu, akaongeza la ukoo, Anzauni, akaongeza Kasikeu, na kilima, na akaongeza na jina la mwenye boma, kwa sababu siku hiyo walikuwa wamekuja tena wawili. Alikuwa anamheshimu mzee wa watu. Ndipo bomba likakohoa.

Nilikaa hospitali ya Makindu mpaka mvua zikaja zikaisha. Wodi ilikuwa na dirisha moja linalotazama reli, na chai iliyoletwa kwenye birika la plastiki lenye harufu ya sabuni. Nduku aliletwa kitanda cha jirani na mikono yake imefungwa kama maboga. Hatukuulizwa kitu na mtu yeyote. Kikao cha kuchunguza ajali kilifanyika bila sisi, na habari zake tuliletewa na mama wa jikoni ambaye mumewe alikuwa askari wa geti. Kyalo alisimama akasema mashine haina kasoro, aliyekuwa kwenye kibodi aliingiza vitu visivyotakiwa wakati usiotakiwa. Ndambuki aliulizwa kama ni yeye aliyeamuru. Akasema hakumbuki kutoa amri kama hiyo. Hakumbuki. Kishikio cha bomba hakikutajwa. Swali la Nduku halikutajwa. Wakaandika ni kosa la mhudumu, na kiwanda kikafungwa kabla msimu haujaisha, wenye kampuni wakaenda, na kosa likabaki hapa kijijini, halina mtu mwingine wa kulibeba ila Nduku.

Watu wa kwao Kavata walikuja na walikuwa na uchungu, siwashangai. Wakasema kama Nduku hana hatia, na ale kithitu. Nani asiyekijua kiapo hicho kwetu, ukiapa uongo unamaliza nyumba yako. Nduku angeapa, aliniambia angeapa bila kutetemeka, lakini pasta akamwambia akigusa kitu hicho ametoka kanisani yeye na mtoto wake. Akakaa katikati. Kwa sababu hakuapa, upande wa kwao Kavata wakasema anajua alichofanya. Kwa sababu watu walisema hivyo, upande wa kanisa nao wakamwombea kama mkosaji, wakimwekea mikono kichwani kila mkesha. Hakuwahi tena kuitwa kusonga ugali harusini. Akipita kisimani na mtungi, watu wa kwao Kavata walimwaga maji yao na kuteka upya. Hivyo ndivyo alivyoishi, na ile mikono iliyokunjamana iliyonitoa mimi ndani ya mvuke. Na Kyalo alikuwa anapita hapo Krismasi akija kuona wazazi wake, na anamsalimu. Anamsalimu! Mama Mueni, hujambo.

Baada ya mazishi, watu wametawanyika, nilibaki jikoni na Mueni tukiosha masufuria. Yule mtoto wa kreti sasa ni mwanamke mzima, amesomea kompyuta Kitui, na anarekebisha programu za mashine za maziwa huko Mwingi. Akasugua sufuria moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akasema, "Mama mdogo Mwikali, ile mashine ya maziwa ninayorekebisha, programu yake ni ya Kyalo. Ni ile ile ya embe."

Nikamwambia anieleze kama anavyoeleza mtu wa darasa la sita. Akachukua vyombo, akavipanga vikagusana, akaniuliza kama nakumbuka tulivyokuwa tukipanga makreti kiwandani, yamegusana. Nikasema nakumbuka. Akasema kumbukumbu ya mashine ni hivyo hivyo, makreti yamegusana. Kyalo alitenga kreti moja la jina, la herufi chache. Kreti lililofuata lilikuwa la joto, na lililofuata hilo ndilo liliweka neno moja tu, kwamba tangi linaoshwa, mvuke usifunguliwe. Na amri aliyotumia kusoma jina, inaitwa gets, ni kama mtu wa kumimina embe aliyefungwa macho. Anamimina mpaka mwenye kuandika anyamaze. Haulizi kreti linabeba kiasi gani. Jina refu kiasi lilimwagikia kwenye joto, ndiyo maana skrini ilipatwa na homa. Jina la Musyoka Kimeu, na ukoo wake, na kilima chake, lilifika mpaka kwenye lile neno la kuosha na kulifunika. Mashine ikatazama, haikuona neno hilo tena, ikadhani tangi liko tayari, ikafungua. Akasema walimu wao huwaambia siku za mwanzo kabisa wasiitumie amri hiyo, na kwamba wenye lugha yenyewe walikuja kuiondoa, kwa sababu hakuna njia ya kuitumia kwa usalama. Nikamwuliza kulikuwa na njia gani nyingine. Akasema ipo, tena fupi, na ilikuwepo wakati huo. Unasoma kwa fgets, unaitajia ukubwa wa kreti, inasimama hapo. Unatazama kama mstari uliisha au kuna mabaki yamebaki mlangoni, kwa sababu ukiyaacha yataingia kwenye swali linalofuata, unayamwaga. Unakagua kilichoingia kama ni kitu ulichoomba. Kikiwa sicho unamwambia mtu, jina ni refu, andika tena. "Ni mistari michache, mama. Hata chai haipoi."

Halafu akaniambia lile lililonifanya nikae chini juu ya gunia. Kwenye programu ile ya maziwa, mstari wa zamani bado upo. Kyalo hakuufuta, ameuzima tu, mashine inauruka. Chini yake ameandika ule mwingine, wenye kipimo, na ujumbe wa kumwambia mtu arudie. Na ujumbe wenyewe, kwenye mashine ya maziwa, unasema jina la mkulima wa embe ni refu mno. Wa embe. Kiwanda cha embe kilifungwa msimu ule ule, baada ya hapo hapakuwa na mkulima wa embe wa kuambiwa hivyo. Kwa hiyo aliutengeneza wakati Kavata hajamaliza mwezi kaburini, na mimi na Nduku tumelala Makindu. Alijua. Alikaa akautafuta mstari uliotuchoma, akauona, akautengeneza, akaenda kuuza kwa watu wa maziwa, na kwetu akaacha neno lake vile vile, kosa la mhudumu.

Mueni alikuwa amemwambia mama yake, siku za mwisho, kitandani. Nikamwuliza Mueni mama yake alijibu nini. Akasema mama yake alimwambia, "Wewe usiseme. Watasema mtoto anamtetea mamake. Na aseme yeye."

Kyalo hakusema. Alipewa maiki mbele ya jeneza, akasema mkono uliteleza.

Ndambuki, wewe nimesikia uko Mtito Andei na nyumba zako za kulala wageni. Amri uliitoa, mimi niliisikia nikiwa ndani ya tangi, na kukumbuka kwangu kumenikaa shingoni. Utakuja wakati wako. Lakini Kyalo, wewe ndiye ninayekutaka kwanza. Sitaki sadaka yako. Sitaki ule kithitu, maana najua utajificha nyuma ya pasta. Nataka usimame Kasikeu, mchana, pale pale uliposimama, watu wa kwao Kavata wakae viti vya mbele, na useme kwa mdomo wako ni mstari wa nani uliofungua mvuke, na ni lini ulijua. Nduku alikuuliza swali moja maisha yake yote, ukamjibu kwa kicheko. Hajajibiwa mpaka leo. Amekufa, kwa hiyo nauliza mimi: na jina likiwa refu je, Injinia? Anayeuliza ni Mwikali Mulinge Nzioka wa Atangwa, wa Mutomo, wa kilima cha kwa Kasyoka, aliyekuwa ndani ya tangi na Kavata. Ni refu. Lisome lote, kisha ujibu.